Mtoto Juu ya Jalada: Kicheko na Malezi Katika Picha za Magazeti Yetu

Wahakiki wetu wamezoea kukianza kitabu kwenye ukurasa wa kwanza. Jalada huachiwa muuza magazeti, naye hulitundika kambani kwa vibanio ili mpita njia alitazame na kushawishika kabla hajatoa hata senti moja. Katika makala hii tunakusudia kuanzia pale pale kambani. Tutazungumzia picha za kuchekesha zichorwazo juu ya majalada na ndani ya magazeti ya katuni, hasa zile zinazomhusu mtoto na jamaa zake, na tutauliza swali ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana dogo: katika picha hizo, ni nani anayechekwa, na ni nani anayecheka? Ni maoni yetu kwamba picha hizi zilimpa mtoto kitu ambacho maandishi yetu makuu hayakuwahi kumpa, yaani zamu ya kusema. Na kwamba zamu hiyo hunyang'anywa mara fimbo inapofanywa kuwa mwisho wa kichekesho.

Huenda mwalimu akaona kwamba hayo ni mambo ya mzaha yasiyostahili kuingia darasani. Lakini mwanafunzi wa Kinondoni au wa Temeke hukutana na jalada kabla hajakutana na shairi. Hulitazama kituoni akingoja basi, hulitazama kwa kinyozi, na hulitazama tena dukani likiwa limekwisha kugeuzwa kuwa karatasi ya kufungia karanga. Sanaa inayomfikia kijana mara nyingi kiasi hicho inamfunza jambo, tupende tusipende. Basi yafaa tujue inamfunza nini.

Mtoto Anayeambiwa

Tukitaka kuupima upya wa picha hizi, hatuna budi kwanza kukumbuka mahali pa mtoto katika fasihi yetu andishi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, hali akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa wasia ambao hadi leo unasomwa pwani nzima. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert aliwatungia watoto wake tenzi mbili za mafunzo, Adili kwa mwanawe wa kiume na Hati kwa binti yake. Tungo hizi ni miongoni mwa hazina zetu, na sisi tunaojaribu kutunga mashairi tumelelewa nazo. Katika zote mtoto yumo, lakini yumo kama sikio. Anaitwa, anaketishwa, anaambiwa. Hatumsikii akijibu.

Methali nazo zafuata njia hiyo hiyo. Samaki mkunje angali mbichi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kila moja ya methali hizi ina hekima yake, na kila moja imetoka katika kinywa cha mtu mzima akisema na mtu mzima mwenziwe juu ya mtoto. Samaki haulizwi kama anaumia anapokunjwa.

Walakini nje ya maandishi mambo hayakuwa hivyo kabisa. Katika ngano zetu Sungura mdogo humshinda Fisi na Simba, na katika hekaya za Abunuwas mtu wa chini humwaibisha mfalme mbele ya baraza lake. Watoto walizipenda hadithi hizo kwa sababu walijiona humo, wakiwa wamevaa ngozi ya mnyama au kilemba cha mtu mwingine. Isitoshe, makabila mengi ya nchi yetu yana utani baina ya babu na mjukuu. Babu humwita mjukuu wake wa kike mchumba, naye mjukuu humjibu kwamba hamtaki mzee asiye na meno. Wote hucheka, wala hakuna aliyevunjiwa heshima. Kwa hiyo wale wasemao kwamba mtoto kumcheka mkubwa ni kasumba iliyoletwa na magazeti ya kigeni wanausahau uani wao wenyewe. Ruhusa ya kucheka ilikuwapo. Kilichokosekana ni mahali pa kuichapa.

Madenge na Wenziwe

Magazeti ya Kiswahili ni ya zamani kuliko katuni zake mashuhuri. Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni, lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923. Katika miaka ya 1950 wasomaji wa Kenya walianza kumfahamu Juha Kalulu, aliyechorwa na Edward Gitau, na katika miaka ya 1960 wasomaji wa gazeti la Uhuru walimpata Chakubanga wa Christian Gregory. Juha na Chakubanga waliwachekesha watu kwa miaka mingi, nao ni watu wazima. Makosa yao ni makosa ya watu wazima: tamaa, uvivu, majivuno, kutojua mambo ya mjini.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Saidi Bawji na Nico ye Mbajo walianzisha gazeti la Sani, ambalo jina lake lilitokana na herufi za mwanzo za majina yao wawili. Gazeti hilo lilizaliwa kwa wakati wake. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limeagiza kila mtoto wa umri wa shule aingizwe darasani ifikapo mwaka 1977. Taifa likawa na umati mpya wa watu waliojua kusoma Kiswahili, na vitabu vya kuwatosha havikuwapo. Kadhalika miaka iliyofuata, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ilikuwa miaka ya uhaba. Sabuni, sukari na unga vilipatikana kwa foleni. Katika hali hiyo gazeti moja la katuni lilipita katika mikono mingi, na watu walicheka pamoja juu ya mambo waliyokuwa wakiyavumilia pamoja.

Katika Sani wasomaji waliwapata Ndumilakuwili, mwenye jina la nyoka asemekanaye kuwa na vinywa viwili, Lodi Lofa, Pimbi, mfupi mpenda wanawake, Kipepe, mtu wa shamba, Sokomoko, mtafuta ugomvi, na mtoto mmoja, Madenge. Miongoni mwa waliowapa wahusika hao sura zilizokaa katika kumbukumbu za watu ni mchoraji Philip Ndunguru, aliyefariki akiwa bado kijana, katikati ya miaka ya 1980. Wachoraji wengine waliwapokea wahusika hao na kuendelea nao, jambo ambalo peke yake latosha kuonyesha kwamba walikwisha kuwa mali ya umma.

Jina la Madenge lastahili kuangaliwa. Kunyoa denge ni kunyoa nywele za pembeni na kuacha kishungi utosini, unyoaji ambao wazazi wengi waliwafanyia watoto wao. Kwa hiyo jina hilo linambeba mtoto wa mtaani mzima mzima: kichwa kilichonyolewa na wembe wa nyumbani, na juu yake kishungi kilichokataa kulala. Madenge ni mtundu. Ni kero kwa wazazi, kwa walimu na kwa majirani. Tofauti na mtoto wa wasia, yeye haketi kusikiliza. Anatenda, na mkubwa ndiye anayelazimika kujibu.

Jinsi Picha Inavyofanya Kazi

Ili tusiseme kwa jumla mno, tumwombe msomaji achore pamoja nasi, katika mawazo, jalada moja la aina hii. Ni jalada la kubuni, lakini aliyezoea magazeti haya atalitambua.

Mgeni amekaribishwa barazani. Baba mwenye nyumba amevaa suti iliyombana, ameketi kwa kujinyoosha, na katika kiputo cha maneno anamwambia mgeni: "Samahani, ndugu yangu, chai ipo ila sukari haijaonekana mtaani tangu wiki iliyopita." Mlangoni, nyuma ya baba, anatokea mtoto amekumbatia kopo la sukari kubwa kuliko kifua chake, na mdomo wake umezungukwa na chembe nyeupe. Mama, aliye hatua moja nyuma, amemkodolea mtoto macho na kumpungia mkono arudi ndani. Jirani anachungulia dirishani. Mgeni ameinua kikombe, macho yake yako kwenye kopo.

Tutazame sasa fani yake. Mchoraji ametupa picha moja isiyotembea, lakini ndani yake mna wakati uliopita, uliopo na ujao. Uongo umekwisha kusemwa, ukweli unatokea, aibu iko njiani. Kichekesho kimekaa katika nafasi iliyo baina ya kopo na uso wa baba, ambaye bado hajageuka. Kama mchoraji angemchora baba akiwa amekwisha kugeuka, picha ingepoteza nusu ya nguvu yake, maana furaha ya msomaji ni kujua jambo ambalo baba hajalijua.

Upande wa maudhui, hatuna budi kuona jambo moja ambalo ni msingi wa hoja yetu. Mtoto huyu si mwema. Ameiba sukari. Hakutoka mlangoni kwa nia ya kumwumbua baba yake wala kumtetea mgeni. Lakini kwa kosa lake dogo amelifichua kosa kubwa la baba, yaani uchoyo uliovikwa adabu. Hapa ndipo sanaa ya katuni inapotengana na hotuba. Mtoto wa hotuba husema kweli kwa kuwa amefunzwa kusema kweli, nasi humsifu na kumsahau. Mtoto wa katuni huutoa ukweli kwa utundu wake, nasi tunaamini, kwa sababu sote tumewahi kuona jambo kama hilo likitokea.

Yafaa pia tutazame nyumba yenyewe. Picha yetu isingewezekana bila baraza, bila mlango ulio wazi, bila dirisha la jirani. Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku ambavyo mara nyingi hupangishwa kwa jamaa mbalimbali, na uani nyuma ambako majiko yote huwaka pamoja. Katika nyumba ya namna hiyo siri haidumu, na malezi si ya mama na baba peke yao. Mkono mmoja haulei mwana. Kichekesho kinahitaji shahidi, na nyumba hii imejengwa kwa mashahidi.

Sisi tulio Msasani twaliona jambo hili kwa uwazi zaidi, kwa kuwa Msasani ina sura mbili. Iko Msasani ya kijiji cha kale cha wavuvi, ya Mikoroshini na Bonde la Mpunga, ambako paa lagusana na paa na mtoto wa huyu hula kwa yule. Na iko Msasani ya rasini, yenye kuta ndefu, malango ya chuma na walinzi. Watoto wa ng'ambo ya ukuta nao ni watundu, bila shaka, lakini utundu wao hauna baraza. Mchoraji akitaka kuwachora hana budi kwanza kuubomoa ukuta, au kumpandisha mtu juu ya mti. Twadhani hiyo ni sababu mojawapo inayofanya katuni zetu za jamaa zikae uswahilini: si kwa kuwa maskini anachekesha kuliko tajiri, bali kwa kuwa uswahilini maisha yanaonekana.

Mfano wa Kigeni

Tukiilinganisha sanaa yetu na ya wengine tutaiona vizuri zaidi. Nchini Marekani mchoraji Norman Rockwell, aliyeishi kati ya 1894 na 1978, alilichorea gazeti la The Saturday Evening Post la Philadelphia majalada zaidi ya 300 kati ya mwaka 1916 na 1963. Mengi yalihusu watoto na nyumba zao, na watu waliyapenda mno.

Jalada lake la kwanza, la tarehe 20 Mei 1916, laonyesha mvulana aliyevalishwa suti na kofia ya kiungwana, anasukuma kigari cha mtoto mchanga, na katika mfuko wa kifua chake imechomekwa chupa ya maziwa. Wenziwe wawili, waliovaa nguo za mchezo, wanapita wakimdhihaki, na mmoja anamvulia kofia kwa kejeli. Uso wa mvulana umekunjamana kwa hasira na haya. Picha haina neno hata moja, nayo inaeleweka. Hata Msasani itaeleweka, maana hapa pia kuna mvulana aliyefungwa mdogo wake mgongoni kwa khanga huku wenziwe wakielekea ufukweni kucheza mpira.

Mfanano ni huo wa shahidi: bila wale wawili wanaopita, mvulana yule angekuwa msaidizi mwema wa mama yake tu. Tofauti ni kwamba kwa Rockwell watu wazima hawamo. Katika picha yetu ya sukari, mtoto amesimama kati ya wakubwa, na aibu inapanda kutoka kwake kwenda juu. Katika picha ya Rockwell aibu inakwenda upande, kutoka kwa mtoto kwenda kwa mtoto. Yeye alichora utoto kama nchi ya peke yake. Wachoraji wetu wamechora utoto kama chumba katika nyumba ya watu wengi.

Jalada jingine, la tarehe 23 Mei 1953, litatusaidia kuingia katika suala gumu zaidi. Msichana wa shule ameketi kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa shule. Nywele zimetimka, goti limefungwa bendeji, jicho moja limevimba kwa ngumi. Mlango uko wazi kidogo, nasi twamwona mkuu wa shule na karani wake wakishauriana kwa nyuso nzito. Msichana, naye, anatabasamu kwa kinywa chote. Adhabu iko mlangoni, lakini mchoraji amekataa kuionyesha. Kicheko amempa mtoto, na wakubwa amewaachia mashaka.

Fimbo Kama Mwisho wa Kichekesho

Turudi sasa kwenye jalada letu la sukari, tulibadilishe kidogo. Baba amekwisha kugeuka, ameshika fimbo, na mtoto anakimbia huku kopo likimwaga sukari njiani. Jirani anacheka. Mgeni anacheka. Mama naye anacheka.

Kila aliyezoea katuni za watoto watundu anaujua mwisho huu, kwa kuwa ndio unaotumiwa mara nyingi. Tuuhakiki kwanza kwa upande wa fani. Ni mwisho wa mkato. Picha ya kwanza iliacha mambo matatu wazi: uongo wa baba, wizi wa mtoto, na heshima ya mgeni. Fimbo inafunga moja tu, la wizi, na kwa kelele zake inayazika hayo mawili mengine. Mgeni aliyedanganywa amegeuzwa kuwa mtazamaji wa kipigo, naye aliyesema uongo amekuwa hakimu. Mchoraji aliyeanza kwa kumpa mtoto zamu ya kusema ameirudisha zamu hiyo kwa baba kabla haijatumika.

Upande wa maudhui jambo hili ni zito zaidi. Wahenga walisema kwamba ukupigao ndio ukufunzao, na wapo watakaotukumbusha methali hiyo. Hatukatai kwamba mtoto hana budi kuonywa, wala hatudai kwamba katuni ndiyo iliyoleta fimbo katika nyumba na shule zetu. Fimbo ni ya zamani kuliko kalamu ya mchoraji. Tunasema tu kwamba picha hulizoesha jicho. Jicho lililocheka mara mia moja mtoto akikimbizwa kwa fimbo litachelewa kushtuka siku mtoto wa kweli atakapolia.

Na siku hizo zipo. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, zilizowekwa mwaka 1979 na kurekebishwa baadaye, zinaweka kikomo cha viboko 4, na zinataka adhabu hiyo itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu ya kikatili, na hata pale inapomwachia mzazi nafasi ya kumrekebisha mwanawe inataka adhabu ilingane na umri na hali ya mtoto. Pamoja na hayo yote, mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera alifariki baada ya kupigwa shuleni, na nchi ikahuzunika. Twalitaja jambo hili kwa uchungu. Hakuna mchoraji aliyelisababisha. Lakini mhakiki anayesema kwamba kicheko ni kicheko tu, hakina uzito, hana budi aeleze ni kwa nini tumeweza kwa miaka mingi kukiona kipigo cha mtoto kuwa ndicho kilele cha furaha ya jamaa.

Utani wa babu na mjukuu waweza kutuonyesha kipimo cha haki. Mtani hucheka, na huchekwa. Humnyang'anya mtani wake kuku, na siku ya msiba ndiye achimbaye kaburi. Utani una deni ndani yake. Kichekesho kinachofuata kipimo hicho humcheka mtoto kwa uchafu wa mdomo wake, humcheka baba kwa suti iliyombana na uongo wake, na humwacha kila mmoja akiwa bado mtu. Kichekesho kinachomcheka mtoto peke yake, tena akiwa katika maumivu, kimetoka nje ya utani na kuingia katika uonevu.

Kipimo hiki kina kazi leo kuliko hata zamani. Tangu magazeti ya watu binafsi yalipoongezeka katika miaka ya 1990, majalada mengi yamechukuliwa na udaku, na mtoto amesukumwa ndani. Siku hizi kichekesho cha mtoto kinatembea katika simu, na mara nyingi si mchoro tena. Ni mtoto halisi, mwenye jina na shule, anayerekodiwa akilia au akikosea, kisha akachekwa na watu asiowajua. Madenge hakuumia hata mara moja, kwa kuwa alikuwa wino. Huyu anaumia, na zamu ya kujibu hana.

Asiyekuwapo Katika Picha

Rockwell atatufaa mara moja tena. Majalada yake ya utoto, pamoja na uzuri wake, yalikuwa karibu yote ya watoto Wazungu. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba gazeti lile halikutaka Mtu Mweusi achorwe isipokuwa akiwa mtumishi. Alipokwisha kuachana nalo, gazeti la Look la tarehe 14 Januari 1964 lilichapisha, katika kurasa zake za ndani, picha yake ya msichana Mweusi wa miaka 6, Ruby Bridges, akienda shule ya Wazungu mjini New Orleans mwaka 1960. Amevaa gauni jeupe, amezungukwa na maofisa wanne ambao vichwa vyao vimekatwa na ukingo wa picha, na ukutani kuna alama ya nyanya iliyotupwa. Aliyekuwa amefanya kazi miaka karibu 50 akichora watoto ndipo alipomchora yule ambaye majalada yake yalimwacha nje.

Basi na sisi tuulize ni nani asiyekuwapo katika picha zetu. Tuhesabu: Juha, Chakubanga, Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Kipepe, Sokomoko, Madenge. Wote ni wanaume na wavulana. Mtoto wa kike, akiwamo, aghalabu yuko nyuma na ndoo kichwani, au yuko ndani akimbeleza mdogo wake. Utundu, ambao ndio ulimi wa mtoto katika sanaa hii, amepewa kaka yake. Mwaka 1858 mama mmoja wa Pate alisema na binti yake kwa tungo ambazo bado twazisoma. Mvulana amekwisha kuwajibu wakubwa wake, kwa kishungi na kopo la sukari. Binti bado hajajibu, nasi hatujui angesema nini, wala angechekesha namna gani.

Ushauri kwa Walimu na Wanafunzi

Ni Msasani hii hii alikoishi Edward Saidi Tingatinga, ambaye kuanzia mwaka 1968 hadi alipofariki mwaka 1972 alichora wanyama juu ya vipande vya ubao laini kwa rangi za kupaka baiskeli. Hakusomea uchoraji, na leo jina lake ni jina la mtindo unaojulikana duniani. Ubao wake ulipata ukuta wa kutundikwa. Jalada la katuni halikupata bahati hiyo, lilifungia karanga. Tungeshauri kila shule ya sekondari ianze kuyakusanya majalada hayo, kwa kuwa yako bado katika masanduku ya wazee, chini ya magodoro, na katika meza za vinyozi.

Mwalimu akikwisha kupata jalada moja, alitundike ubaoni na kuwauliza wanafunzi maswali manne. Nani anacheka? Nani anachekwa? Ukweli gani umefichuliwa, na kwa kosa la nani? Nani hayumo? Kisha awape kalamu, walichore upya bila fimbo, na wavulana na wasichana wabadilishane nafasi. Wataona ugumu wake. Mwisho usio na fimbo unadai mchoraji afikiri juu ya uso wa baba, juu ya jibu la mama, na juu ya mgeni ambaye bado ameshika kikombe cha chai isiyo na sukari. Tungependa kuyaona majibu ya wasichana kwanza.